Huko Juu Hakuna wa Kumwamkia

Mwoga? Hebu rudia, Loti, nisikie vizuri. Na weka hiyo spana chini kwanza, usije ukasema kesho kwamba niliiogopa. Mwoga nani? Mwalimu wa kwaya? Mtu aliyetembeza watu wa mji huu Jumapili baada ya Jumapili, wenye magoti mabovu, wenye vifua vya kukohoa, waliotoka zamu hawajalala, na hakuna hata mmoja aliyepotea wala kulala porini? Huyo ndiye mwoga wako?

Ndivyo nilivyoanza Jumatatu, pale gereji ya Kalasinga huku kwetu Ngarenaro, watu wamejaa. Loti ni fundi pale, na kwenye kwaya yetu ya Kilutheri anaimba besi. Besi nzuri, siwezi kumnyima. Alikuwa amelala chini ya lori, akatoa kichwa tu, uso una grisi, akasema, "Naomi, si jana mmemwona wote? Amekaa. Ameachwa nyumbani kwa watu kama kuku. Miaka yote hiyo anautazama Mlima Meru kama mtu anavyotazama duka lililofungwa, hajafika juu hata siku moja. Mimi nimefika. Ijumaa wazee wa kanisa wakikaa, waseme tu ukweli. Wa kuchagua vilima sasa ni mimi."

Watu wakacheka. Niliyomjibu siyaandiki, maana wazee wenyewe wanaweza kuyasoma. Lakini hasira ikishapoa ndipo mtu anayakumbuka maneno aliyopaswa kuyasema, na mimi yangu ni mengi, na Ijumaa bado haijafika. Basi nayasema hapa.

Kwanza, usiniulize Mwalimu alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani. Sijui, na sijawahi kuuliza. Wako wanaosema ni Mmeru, wako wanaosema mama yake alitoka Machame. Mimi namjua kwa koti lake la kahawia lenye viraka kwenye viwiko, kwa katambuga zake za tairi, na kwa kile kichuma chake cha kutolea sauti, chenye meno mawili kama uma, anachokigonga gotini halafu anakiweka sikioni. Kichuma hicho hamwazimi mtu. Siku moja mchungaji alinyoosha mkono akishike, Mwalimu akamwambia kwa adabu zote, "Baba Mchungaji, kitazame kwa macho."

Mtu wa mjini akitaka kupanda kilima anatazama juu. Anaona kile kirefu, anasema, twende kile. Mwalimu alikuwa anatusikiliza sisi. Ijumaa jioni tukifanya mazoezi, wewe unadhani anasikiliza wimbo, kumbe anasikiliza vifua. Nani anakohoa. Nani anakata pumzi katikati ya neno. Nani ameshinda amesimama kwa mzungu wake tangu alfajiri na sasa anaimba ameegemea ukuta. Wimbo wa mwisho ukiisha anagonga kichuma gotini, anakiweka sikioni, anafumba macho kama vile vilima vinamletea salamu, halafu anasema, "Jumapili, Suye." Au anasema, "Jumapili, ziwani Duluti," na hapo tunajua kuna mtu kifua chake si kizuri, maana Duluti basi la Moshi linatushusha Tengeru, halafu ni kuzunguka maji tu chini ya miti, hakuna kupanda kwa kutisha. Hasemi ni kwa ajili ya nani. Ukimuuliza anasema, "Ziwa limeniita." Ziwa gani linamwita mtu? Lakini hakuna aliyebisha.

Na tulikuwa tunaimba tukipanda. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa. Pale penye mteremko mkali ndipo anapoanzisha wimbo, tena siyo ule wa polepole. Ukishindwa kumaliza ubeti, maana yake tunakwenda mbio kuliko wewe, na safu nzima inasimama. Sauti ya pili ikikatika, tunasimama. Tena ikikatika, tunasimama. Mara nyingine tulikuwa tunasimama mpaka ng'ombe wanakuja kututazama. Alisema kilima ambacho kwaya haiwezi kukiimba kiachwe kwa mbuzi.

Sasa mtu atasema, hiyo ni kwaya, mbona na Mama Gulbanu alikuwamo? Ngoja niseme habari za Mama Gulbanu. Mimi nashona kwenye baraza ya duka lake, cherehani yangu iko pale kati ya magunia ya chumvi na mapipa ya mafuta. Ni Mwislamu, familia yao wamekuwa hapa tangu mji una nyumba za kuhesabika. Mwili anao, na magoti yakaanza kumsumbua, daktari akamwambia tembea mama, tembea. Akatembea kuzunguka duka. Siku moja Mwalimu amekuja kununua sukari guru, Mama Gulbanu akamwambia, "Mwalimu, nasikia unapeleka watu kilimani. Mimi si wa kanisa lenu."

Mwalimu akasema, "Kilima nacho si cha kanisa letu, mama."

"Na magoti yangu hayapendi kilima."

"Tutakitafuta kilima kinachopenda magoti."

Jumapili ile tulikwenda kile kilima kidogo cha upande wa Engutoto, ambacho Loti alikuwa anakiita kichuguu. Mama Gulbanu amevaa raba nyeupe, mtandio, mwavuli mkononi. Nyimbo zetu hakuziimba, alikuwa anavuma tu, mmm, mmm, na baada ya muda Mwalimu akawa anausikiliza ule mvumo kuliko sauti zote. Mvumo ukikata, mkono unapanda juu, tunasimama. Loti siku hiyo alilalamika mpaka shingo ikamvimba. "Kwa hiyo sasa tunatembea kwa magoti ya Mama Gulbanu?"

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Na yako yatapata zamu yake, usiwe na haraka."

Mama Gulbanu akageuka na mwavuli wake. "Loti, mwanangu, wewe tangulia. Ukifika juu tuwekee maji ya chai."

Alicheka Loti mwenyewe. Nasema hili ili mjue hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja baadaye.

Lakini mnataka kujua hasa alichaguaje njia, na hapa ndipo Loti hajaelewa mpaka leo, na alikuwa anatembea hatua mbili nyuma yake. Mwalimu alikuwa anachagua njia kwa nyumba zake. Kabla hajatupeleka mahali, alikuwa anakwenda peke yake siku za kazi, amevaa koti, anabisha hodi. Huku juu ya Sekei kila penye kahawa na migomba pana mji wa mtu, na kila mji una mama. Anasalimia. Anakaa. Anauliza habari za watoto, za kahawa, za ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Kwa Waarusha anaamkia "takwenya" kwa Kimaasai chake cha kuokota, kina mama wanaitikia "iko" huku wanamcheka. Halafu ndipo anauliza, "Mama, siku tukipita hapa na mtu wetu akachoka, anaweza kukaa kwako mpaka tukirudi?" Akijibiwa ndiyo, njia inakuwa njia. Njia isiyo na mtu wa kujibu ndiyo, hata iwe nzuri vipi, hata iwe na maporomoko na maua na nini, kwake haikuwa njia. Alikuwa anaiita ukuta.

Na yule aliyeachwa hakuachwa hivihivi. Alikuwa anapewa pakiti ya chumvi kutoka duka la Mama Gulbanu ampe mwenye nyumba, na anapewa cheo. "Leo balozi wetu ni Anaeli." Anaeli ni kijana wa sauti ya tatu, mwembamba, mkimya, anafua na kupiga pasi kwa wazungu. "Leo balozi wetu ni Mama Gulbanu." Balozi anakaa na wenyeji, anakunywa uji au maziwa ya mgando, anazungumza, na tukirudi anatupa habari zote za pale. Kwa hiyo ukiwa balozi huoni aibu. Mama Gulbanu alikuwa balozi mara nyingi kwa Mama Nderingo, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabisa kabla ya msitu, mpaka wale wawili wakawa mashoga. Sasa Mama Nderingo akishuka sokoni hapiti bila kukaa barazani kwetu. Mmoja ni wa migomba, mwingine ni wa duka, na wote wawili wananisengenya nikiwepo. Urafiki huo umeletwa na nini, kama si goti?

Msidhani ilikuwa rahisi mtu mweusi kwenda kilimani bure. Wazungu wa klabu wakitoka na mikoba yao mgongoni, askari anawapigia saluti. Sisi mara ya kwanza tulisimamishwa barabarani.

"Mnatoka wapi?" askari akauliza.

"Mjini, afande," Mwalimu akajibu.

"Mnakwenda wapi?"

"Kilimani."

"Kufanya nini?"

"Kurudi, afande."

Askari akafikiri. "Mnakwenda kilimani kurudi?"

"Ndiyo, afande. Tukikaa huko tutalala njaa."

Tulishikwa pale mpaka jua likawa la utosini, maana askari hakuweza kuamini kwamba watu wazima wote hawa hawana mzigo, hawana shauri, hawana msiba, wanatembea tu. Jumapili iliyofuata Mwalimu akaja na mkungu wa ndizi. Akampa Loti aubebe. Tukasimamishwa. "Mnapeleka wapi ndizi?" "Kwa ndugu, afande." "Haya, piteni." Basi mkungu ukawa kibali chetu. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunapeleka ndizi kwa watu wa ndizi. Mama Nderingo aliuona, akashika kiuno. "Mwalimu! Unaniletea ndizi mimi? Umeniona nimefiwa na migomba?" Kwa hiyo mkungu unapanda, mkungu unashuka. Mmoja ulipanda Suye mara mbili na ukaenda Duluti, ukaivia njiani, tukaula tumekaa juu ya nyasi, na ulikuwa mtamu kwa sababu ya safari.

Nakubali, alikuwa na mambo yake. Mimi simpaki rangi. Mwoga wa ng'ombe alikuwa. Haya, Loti, hilo nakupa, lichukue uende nalo. Ndama wa Mama Nderingo akitikisa kichwa tu, Mwalimu yuko nyuma ya Mama Gulbanu, ameshika mwavuli. Na alikuwa mtu wa subira kwa miguu ya watu, lakini kwa sauti hana hata chembe. Anaweza kumngoja mgonjwa nusu asubuhi akiwa anatabasamu, halafu Anaeli akishusha sauti kidogo, anageuka katikati ya mteremko, macho yamemtoka: "Anaeli! Hiyo sauti umeiokota wapi? Irudishe ulikoitoa!" Mjini anatembea mbio kama mtu aliyeibiwa, unamwita hasikii, lakini akikanyaga tu njia ya kilimani anakuwa kama kobe. Anatuambia tusile tamu tukipanda, na mfuko wake wa ndani umejaa sukari guru, tunamsikia anatafuna. Koti halivui hata jua likichoma. Nilimuuliza, akasema, "Naomi, naenda nyumbani kwa watu."

Na mlima aliupenda kuliko Loti anavyoupenda. Hili nalijua kwa macho yangu, kwa sababu nyumba zetu zimetazamana. Asubuhi kabla hajanawa uso anatoka nje, anautazama Meru. Anatazama wingu limekaa wapi, limefunga kichwa au limefunga kiuno. Siku nyingine anasimama mpaka uji unapoa, mke wake anamwita mara mbili. Mimi wakati huo nilikuwa kama Loti, nilitaka kwenda juu. Nilikuwa nimejifunza kusoma mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, na kwenye gazeti moja kulikuwa na habari za wazungu waliopanda mpaka kileleni. Lilinipanda kichwani. Nikamfuata Mwalimu pale nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeamka na moto leo, nauona."

"Kwa nini hatuendi juu?"

"Juu kuna nani?"

"Hakuna mtu. Kuna mawe, na baridi."

"Basi nikifika nimwamkie nani?"

Nilikasirika. Nikamwambia mbona wazungu wanakwenda. Hakukasirika yeye. Alisema, "Wazungu wana watu wa kuwabebea mahema na kumbeba aliyechoka. Mchovu wetu atabebwa na nani? Nyumba ya mwisho ni ya Mama Nderingo. Baada yake ni msitu, baada ya msitu ni mawe, na mawe hayana uji." Halafu akanitazama. "Wewe ukitaka nenda, una miguu. Mimi kwaya yangu siwezi kuipeleka mahali ambapo mtu akikaa chini anakaa peke yake."

Nilitoka pale nimenuna. Ila sikwenda.

Loti alikwenda. Kiangazi kilichopita aliwachukua Anaeli na mwenzake mmoja wa gereji, wakapita msituni, wakaenda siku zao huko. Aliporudi mji mzima ulijua. Alisimulia gereji, alisimulia sokoni, alisimulia kwenye ngazi za kanisa. Jinsi jua lilivyotoka. Jinsi Kilimanjaro ulivyoonekana karibu kama paa la jirani. Jinsi upepo ulivyotaka kumbeba. Anasimulia vizuri, mikono inaruka, na mimi mwenyewe nilisikiliza mdomo wazi. Lakini baadaye nikagundua kitu. Kwenye hadithi yote ile Anaeli hayumo. Wanaanza watatu, halafu kileleni wako wawili.

Ijumaa ile, kabla ya mazoezi, Mwalimu alimpa Loti mkono, akampongeza mbele ya watu wote. Kisha akauliza, "Na Anaeli alikaa wapi?"

Loti akasema, "Mguu ulimchubuka, Mwalimu. Tukamwacha kwenye jiwe, tukampa blanketi. Tulirudi tukamkuta palepale, hana neno."

"Jiwe la nani?"

"La nani vipi, Mwalimu? Jiwe ni jiwe."

Mwalimu alimtazama Anaeli, ambaye alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo na vidole vyake viwili bado vimefungwa kitambaa kwa ile baridi ya juu. Akagonga kichuma gotini, akasema, "Sauti ya tatu peke yake. Polepole." Anaeli akaimba. Alishusha, kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kwaya, Mwalimu hakumgombeza.

Baada ya hapo ndipo kifua cha Mwalimu kilipoanza. Miguu ikavimba. Alikuwa anasimamisha safu yeye mwenyewe, anasema anatazama maua. Maua gani, Mwalimu, hayo ni majani ya kahawa. Sisi tunanyamaza. Loti akawa anasema chinichini, halafu kwa sauti, kwamba matembezi yapewe mtu mwingine. Wazee wa kanisa wakasema, haya, Jumapili moja Loti achague yeye, Mwalimu aje kama mtu wa kawaida, halafu Ijumaa watakaa waamue. Ndiyo hiyo Ijumaa inayokuja. Na mjue kinachoamuliwa siyo kilima tu. Akipewa Loti, Mama Gulbanu hatoki tena, wala mpishi mmoja wetu mwenye pumu, wala mama zetu. Watabaki vijana wenye mapaja. Wengine watarudi kuzunguka duka.

Loti akachagua ukingo wa msitu, juu ya Sekei, kwa ile njia ya mkato inayopanda wimawima kama ngazi. Alitangulia yeye, na mkungu hakuubeba. Aliubeba Anaeli.

Tulianza na wimbo, kwa mazoea. Tulipokaribia kwa Mama Nderingo, ubeti wa pili, nikasikia sauti moja haipo. Mimi niko nyuma ya Mwalimu, naliona koti lake. Linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na sauti haitoki. Nikanyamaza. Wa nyuma yangu akanyamaza. Ukimya ukapanda na safu mpaka kwa Loti huko mbele, akabaki na besi yake peke yake, akageuka.

Sheria tulikuwa tunaijua wote, na mwenye sheria ndiye huyu. Mwalimu akasema, "Endeleeni, nawafuata." Akapiga hatua moja, akashika mgomba.

Mama Gulbanu ndiye aliyesema. Alikuwa ameshafika kwenye ua wa Mama Nderingo, anajipepea. "Mwalimu. Leo balozi ni wewe."

"Mimi siyo wa kuachwa," Mwalimu akasema. Alisema kwa ukali, sauti ile ya kumgombezea Anaeli.

"Na mimi nilikuwa wa kuachwa? Mara ngapi umeniweka kwenye kigoda cha hapa, unaniambia ni cheo? Kilikuwa cheo au ulikuwa unanidanganya?"

Mwalimu akamtazama. Mimi nimeshakunja ngumi, sijui nitampiga nani. Mama Nderingo akatoka na kigoda, akakiweka, akakipangusa kwa kanga. Akasema, "Karibu, balozi." Siyo kwa mzaha. Mwalimu akakaa. Alikaa kama mtu anayekaa kwenye maji ya baridi, kidogo kidogo. Kisha akanyoosha mkono, Mama Gulbanu akampa pakiti ya chumvi, naye akaigeuza akampa Mama Nderingo kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Anaeli akatua mkungu, akakaa chini kando ya kigoda. Hakuna aliyemwambia.

"Mimi nakaa pia," nikasema.

"Wewe unakwenda," Mwalimu akasema. "Sauti ya pili bila wewe ni upepo tu. Nenda, na usigombane na mtu njiani."

Tukaenda. Tukafika ukingoni, miti mikubwa imesimama, mji uko chini mdogo, bati zinametameta. Tukaimba. Loti akatuambia tunyamaze kidogo tusikilize, labda kule chini wanajibu. Tukasikiliza. Hatukusikia kitu. Nyani tu, na mtu mmoja anayekata kuni mbali. Kulikuwa kuzuri, sisemi uongo. Lakini tulikuwa tunatazama paa moja la nyasi kati ya migomba, wote, hata Loti.

Tuliporudi Mwalimu yuko palepale, bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, mkononi, koti amevaa, na ndama amefungwa karibu yake mno, maana Mama Nderingo naye ana visa. Nilitegemea kumkuta amevunjika. Alikuwa amekasirika, lakini hasira za kawaida.

"Tumewaimbia mkajibu nini?" akauliza.

"Hatukuwasikia, Mwalimu," nikasema.

"Mngesikiaje, na huyu anashusha?" Akamwonyesha Anaeli kwa kijiko. "Tangu mmeondoka anashusha. Nimemwambia, amerudia, ameshusha tena." Akala kidogo. "Ila anasikia. Watoto wa hapa walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba, akaniambia yule mdogo ana kifua. Nikasikiliza, kweli. Mimi nilikuwa sijamsikia."

Ndipo nikaona kichuma. Kilikuwa mkononi mwa Anaeli. Hakikuwa cha kutazamwa kwa macho, alikuwa amekishika, vidole vyake vibovu vimekikumbatia, na Mwalimu wala hakukiangalia. Mama Gulbanu akaniona nimeona, akanikanyaga mguu na raba yake ili ninyamaze. Nikanyamaza. Mimi!

Tulipokuwa tunashuka, Mwalimu alimkabili Loti, amemshika bega, maana alihitaji bega. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Huko juu leo mmemwamkia nani?" Loti akasema hakuna mtu kule, Mwalimu. Mwalimu akasema, "Ee," na wakashuka hivyo, bega kwa mkono, mpaka barabarani. Loti alimbeba vizuri. Na kesho yake, chini ya lori, mbele ya watu, akamwita mwoga.

Basi wazee wangu, Ijumaa mkikaa, msiulize nani amefika juu. Kichuma kimeshapata mtu, na mtu huyo amekaa juu ya jiwe, baridi imemla vidole, anajua jiwe ni nini. Na wewe Loti, na wewe mwingine yeyote unayesoma hapa ukiwa na kilele chako mfukoni: siku ile ulipokuwa unafika, ulimwacha nani njiani, na ulimwacha kwa nani?